Kabla ya kuchagua klasta na kanzidata, uliza umeme ukikatika itakuwaje

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wakuu wa vitengo vya TEHAMA katika saccos, hospitali, vyuo na halmashauri. Siku hizi wanaletewa zabuni zilizojaa majina ya programu za kuendesha klasta (mashine kadhaa zinazofanya kazi kama moja), kanzidata (hazina ya data) na hifadhi: Kubernetes, k3s, minikube, PostgreSQL, Galera, Longhorn. Hizi zote ni programu za chanzo huria, na nyingi ni nzuri kweli. Kinachonisumbua ni namna zinavyolinganishwa. Jedwali la zabuni linawekewa alama ya vema mbele ya kila sifa, na chenye alama nyingi ndicho kinachoshinda. Mimi nashauri maswali mawili yatangulie jedwali hilo. Umeme ukikatika ghafla kwenye mashine zote, nini kitaamka chenyewe na nini kitamsubiri fundi? Na intaneti ikipotea siku tatu, huduma itaendelea au itasimama?

Swali la pili limeshatukuta. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwa majirani. Klasta iliyoko chumba cha seva Dodoma haihitaji waya wa baharini ili kumhudumia mteja aliyesimama dirishani hapo hapo Dodoma. Hata hivyo inaweza kukwama. Mashine moja ikizimika, podi zake, yaani programu zinazokimbia ndani ya klasta, huhamishiwa mashine nyingine. Mashine hiyo haina imeji ya programu (furushi lake lililo tayari kuwashwa), inakwenda kuivuta Docker Hub, ghala la imeji la mtandaoni, haifiki. Ukiandika `kubectl get pods` unakutana na ImagePullBackOff, na programu haiwaki ingawa vifaa vyote ni vizima. Hata siku ambazo intaneti ni nzuri, Docker Hub huwawekea kikomo wasiojisajili, na kikomo hicho huhesabiwa kwa anwani ya IP. Ofisi nzima inayotoka kwa anwani moja inahesabiwa kama mtu mmoja.

Vyombo vya kwenye laptopu sitavikalia sana. minikube na kind vilitengenezwa kwa kujifunzia na kujaribia. kind huendesha kila mashine ya klasta kama kontena (chumba kilichotengwa cha kuendeshea programu) ndani ya Docker, ndiyo maana huwaka upesi. Na ukiandika `kind delete cluster`, data iliyokuwamo inaondoka nayo. minikube inataka angalau CPU 2, RAM ya GB 2 iliyo wazi na nafasi ya GB 20 kwenye diski, na viongezi vyake huwashwa kwa amri moja, kwa hiyo anayeanza ataipenda zaidi. k3d huendesha k3s ndani ya Docker. Inamfaa msanidi ambaye seva zake halisi ni za k3s. Kwa wanaotumia kind, makosa mawili hujirudia. Imeji umeiingiza vizuri kwa `kind load docker-image`, lakini umeipa lebo ya `latest`. Lebo hiyo huifanya Kubernetes iende kuitafuta mtandaoni kila podi inapowashwa, kwa hiyo ipe namba ya toleo. La pili, klasta ya mashine kadhaa hugoma na ujumbe `too many open files` wakati RAM bado ipo, pandisha `fs.inotify.max_user_instances` iwe 512 na `fs.inotify.max_user_watches` iwe 524288. Mzabuni akikuonyesha mfumo unakimbia kwenye kind, ujue amekuonyesha programu yake. Kuhusu seva zako bado hajakuonyesha kitu.

Kwenye chumba cha seva mimi nasimama na k3s, Kubernetes iliyofanywa nyepesi. Rancher Labs waliitoa mwaka 2019 na mwaka uliofuata ikakabidhiwa CNCF, taasisi inayolea Kubernetes yenyewe. Ni faili moja lisilofika MB 100, ndani yake mna containerd ya kuendesha kontena, mtandao wa podi, DNS na Traefik wa kupokea wageni kutoka nje. MicroK8s ya Canonical nayo ni nyepesi, ila huja kwa snap, mfumo wa Canonical wa kusakinisha programu, na snap hujisasisha yenyewe usipoizuia kwa `snap refresh --hold`. Klasta inayobadilisha toleo usiku bila ruhusa ya mtu siitaki karibu na kanzidata ya fedha.

Hapo hapo niseme jambo ambalo wauzaji hawalisemi: mwenye mashine moja hahitaji klasta. Aweke Debian au Ubuntu, asakinishe PostgreSQL kwa `apt`, programu yake aiendeshe kwa systemd (msimamizi wa huduma za Linux) au Podman (ya kuendesha kontena), fedha iliyobaki anunue UPS na diski ya pili. Kubernetes kwenye mashine moja haimpi uhai wa ziada mashine hiyo ikifa, na inamwongezea vitu vya kuharibika. Mashine mbili nazo ni mtego. etcd, kanzidata ndogo inayotunza hali ya klasta, hufanya kazi kwa akidi ya zaidi ya nusu ya wanachama. Wakiwa wawili, akidi ni wawili, kwa hiyo yeyote akianguka klasta haikubali tena mabadiliko. Wakiwa watatu, mmoja anaweza kufa. Wakiwa wanne, bado anaruhusiwa kufa mmoja tu, na umelipia mashine ya ziada. Nunua tatu.

Sasa k3s iwekwe namna isiyotegemea intaneti. Kwenye kompyuta yenye mtandao mzuri pakua vitu vitatu: faili la `k3s`, furushi la `k3s-airgap-images-amd64.tar.zst` na skripti ya `install.sh`. Faili na furushi lazima viwe vya toleo moja. Zikipishana, klasta itaanza kutafuta imeji ambazo furushi halina. Faili la `k3s` liweke `/usr/local/bin` na ulipe ruhusa ya kuendeshwa. Furushi liweke `/var/lib/rancher/k3s/agent/images/` kwenye kila mashine. Kisha endesha skripti ukiwa umetanguliza `INSTALL_K3S_SKIP_DOWNLOAD=true`, na mashine ya kwanza uipe `--cluster-init` ili itumie etcd badala ya SQLite. Mbili zinazofuata ziunge kama seva kwa anwani ya ile ya kwanza kwenye mlango wa 6443, pamoja na tokeni iliyoko `/var/lib/rancher/k3s/server/token`. Tokeni hiyo itunzwe nje ya klasta, kwa sababu nakala ya etcd hairejesheki bila hiyo.

Imeji za programu zenu na za kanzidata zihifadhiwe kwenye ghala lenu la ndani. Kontena ya `registry` kwenye mashine ya nne, hata ya zamani, inatosha, na anwani yake iandikwe katika `/etc/rancher/k3s/registries.yaml`. Kuna mafundi wanaoishia kuingiza imeji kwa mkono kwenye kila mashine. Inafanya kazi mpaka diski ifike asilimia 85. Hapo kubelet, wakala wa Kubernetes kwenye kila mashine, huanza kufuta imeji zisizotumika hadi ishuke asilimia 80, na ile uliyoibeba kwa flashi kutoka mjini inaweza kuwa miongoni mwa zilizofutwa.

Vyeti vya usalama vya k3s vina umri wa miezi 12. Huhuishwa vyenyewe k3s inapowashwa upya vikiwa vimekaribia kuisha. Klasta iliyokaa mwaka mzima bila kuguswa, kitu ambacho wengi wetu tungekisifia, hufika siku ikagoma amri zote kwa sababu vyeti vimekwisha. Wekeni kwenye kalenda, kila miezi mitatu, kuwasha upya huduma hiyo mashine moja baada ya nyingine.

Nije kwenye kanzidata, ambako umeme unaumiza zaidi.

PostgreSQL na MariaDB zote ni imara zikiwa kwenye mashine moja. Kila muamala huandikwa kwanza kwenye kitabu cha mabadiliko; umeme ukirudi, kitabu husomwa na data hurekebishwa bila mtu kufanya lolote. Tofauti hujitokeza unapotaka mashine tatu zifanye kazi pamoja. MariaDB hutumia Galera, ambapo mashine zote tatu hupokea maandishi. Ni nzuri kwa mifumo ya PHP iliyojengwa juu ya MySQL, ilimradi majedwali yawe ya InnoDB na kila jedwali liwe na ufunguo mkuu. Lakini tazama kinachotokea UPS zikiisha chaji na mashine zikazimwa kwa utaratibu moja baada ya nyingine. Zikiwashwa, kila moja inawatafuta wenzake, hakuna anayekubali kuanza peke yake. Fundi lazima afungue `grastate.dat` kwenye kila mashine na atafute yenye `safe_to_bootstrap: 1`, yaani iliyozimika mwisho, aiwashe kwanza kwa `galera_new_cluster`, ndipo awashe nyingine. Zikizimika ghafla na mmoja asirudi, huenda kila faili likasoma `seqno: -1`, yaani namba ya muamala wa mwisho haijulikani, itabidi atafute namba halisi kwa `galera_recovery` na aanzie kwenye mashine yenye namba kubwa. Akianzia yenye namba ndogo, miamala iliyozidi kwenye nyingine inapotea. Si kazi ya kumwachia mlinzi wa zamu saa tisa usiku.

PostgreSQL ndani ya k3s, ikisimamiwa na opereta (programu inayofanya kazi ya msimamizi wa kanzidata), huamka kwa njia nyingine. Seva mbili kati ya tatu zikisharudi, etcd inapata akidi, opereta anasoma nani alikuwa kiongozi (nakala inayopokea maandishi), na kanzidata inaendelea. Opereta ninayempendekeza ni CloudNativePG: leseni ya Apache 2.0, kampuni ya EDB waliifungua msimbo mwaka 2022, na iko CNCF tangu 2025. Inazungumza na Kubernetes moja kwa moja. Ile ya Zalando huweka Patroni, programu nyingine ya kusimamia nani awe kiongozi, ndani ya kila podi. Patroni ni chombo kizuri sana, na asiyetaka Kubernetes kabisa anaweza kuitumia pamoja na etcd kwenye Linux ya kawaida. Ila kwa kitengo chenye mafundi wawili, tabaka moja pungufu ni jambo moja pungufu la kujifunza wakati moto unawaka.

Kwenye CloudNativePG faili la mipangilio la YAML lenye `kind: Cluster`, `instances: 3` na ukubwa wa diski linatosha kuanza. Programu iunganishwe na jina linaloishia na `-rw`, ambalo siku zote humwelekea kiongozi. Ripoti nzito ziende `-ro`. Sharti programu ijue kujaribu tena, maana kiongozi akibadilika miunganisho yote hukatika. Na kuna chaguo ambalo sharti lijadiliwe na mhasibu, lisiachwe kwa fundi peke yake. Kwa kawaida nakala za PostgreSQL hufuata kwa nyuma kidogo. Kiongozi akifa, miamala ya mwisho ambayo haijafika kwa wafuasi inaweza kupotea, na mwanachama wa saccos ana risiti mkononi ya amana ambayo mfumo hauijui. Ukiweka `synchronous` yenye `method: any` na `number: 1`, muamala haukubaliwi mpaka mfuasi mmoja auandike. Gharama yake ni kwamba wafuasi wote wawili wakianguka, maandishi husubiri. Kwa fedha, bora foleni isubiri. Kwa mfumo wa mahudhurio ya wanafunzi, acha ilivyo.

Suala la diski ndani ya klasta linawapotosha hata mafundi wazoefu. k3s huja na hifadhi ya kawaida iitwayo local-path, ambayo ni folda tu chini ya `/var/lib/rancher/k3s/storage`. Ukiomba GB 10 haikuzuii kufika GB 200, na kanzidata mbili kwenye mashine moja zinaweza kujazana. Ukifuta PVC, yaani ombi la diski la programu, data inafutwa nayo. Wengi wakigundua hivyo hukimbilia Longhorn, ambayo kwa kawaida huweka kila diski nakala 3 kwenye mashine tofauti. Zidisha sasa: PostgreSQL ina nakala 3, kila moja Longhorn imeiweka mara 3, data ile ile imeandikwa mara 9, na kila maandishi yanapita kwenye swichi ya mtandao kabla ya kukubaliwa. Kanzidata inayojinakili yenyewe ipewe local-path juu ya diski au sehemu yake pekee. Longhorn ibaki kwa faili za kawaida, kama picha za vitambulisho na nyaraka zilizoskaniwa.

Diski yenyewe ipimwe kabla ya kulipiwa. PostgreSQL huja na amri iitwayo `pg_test_fsync`, inayopima ni mara ngapi kwa sekunde diski inaweza kuthibitisha kwamba maandishi yamefika mahali pasipopotea. Diski inayozunguka mara 7200 kwa dakika hukamilisha mzunguko mmoja kwa milisekunde 8.3, kwa hiyo haiwezi kuthibitisha zaidi ya mara 120 hivi kwa sekunde. Ikikuandikia maelfu, inakudanganya: inathibitisha wakati data bado iko kwenye kumbukumbu yake ya muda, na umeme ukikatika hapo, data imekwenda. SSD nyingi za bei nafuu hazina kapasita za kumalizia kuandika umeme unapopotea. Zile za seva huwa nazo, na zabuni itaje sifa hiyo kwa maandishi. etcd nayo ni nyeti: inashauriwa asilimia 99 ya uthibitisho wake ikamilike ndani ya milisekunde 10. Ukiiweka kwenye kadi ya SD au diski inayozunguka pamoja na kanzidata, utaona klasta inachagua kiongozi mpya kila mara bila sababu ya wazi.

Kuna mafundi wanaozima `fsync`, yaani kusubiri diski ithibitishe maandishi, kwenye PostgreSQL ili ikimbie. Msikubali. Umeme ukikatika, kanzidata nzima inaweza kuharibika isifunguke. Anayetafuta kasi kwenye data isiyo ya fedha aweke `synchronous_commit = off`; hapo anaweza kupoteza miamala ya takribani sekunde 0.6 ya mwisho kwa mipangilio ya kawaida, lakini data iliyobaki inakuwa salama.

Ndani ya kontena kuna mengine matatu ya kuangalia. Docker hutoa MB 64 tu za `/dev/shm`, na swali zito la PostgreSQL litashindwa kwa ujumbe `could not resize shared memory segment`; ongeza kwa `--shm-size=256m`. Podi inayokufa na namba 137 mara nyingi imevuka kikomo cha RAM. Kabla ya kununua RAM, angalia `max_connections` (kikomo cha miunganisho) na weka PgBouncer, inayowagawia wateja wengi miunganisho michache. Na msitumie `postgres:latest`. Toleo kuu likipanda, faili za zamani hazisomeki na kontena inakataa kuwaka. Panahitajika `pg_upgrade` au kuhamisha kwa `pg_dump`. Kuanzia toleo la 18, imeji rasmi inataka hifadhi ipachikwe `/var/lib/postgresql` badala ya `/var/lib/postgresql/data`, kwa hiyo hata YAML iliyofanya kazi miaka mingi itahitaji kuguswa.

Kuhusu leseni, neno huria lisomwe kwa makini. Kanzidata ya MongoDB iliachana na leseni ya chanzo huria mwaka 2018. Kanzidata ya Redis ilibadilisha leseni Machi 2024, ndipo Valkey, tawi lake huria, ikazaliwa chini ya Linux Foundation. Mwaka 2025 Redis ikarudisha chaguo la leseni huria ya AGPL. Mwaka huo huo wa 2025 imeji nyingi za Bitnami, zilizotumika katika miongozo chungu nzima, zilihamishiwa ghala la zamani lisilopata masasisho. Msimbo ulibaki wazi, lakini klasta zilizokuwa zikivuta imeji hizo zilijikuta hazina pa kuzivuta. Ghala la ndani nililolitaja lingewapa muda wa kuhama kwa utulivu.

Mwisho, nakala rudufu. Nakala tatu za klasta si nakala rudufu. Karani akifuta jedwali, limefutika kote kwa sekunde moja. CloudNativePG hupeleka data na kitabu cha mabadiliko kwenye hifadhi ya aina ya S3 (hifadhi ya faili inayofikiwa kwa mtandao), ambayo isikae kwenye mashine zile zile. MinIO ndiyo iliyokuwa ikitumika zaidi, lakini mwaka 2025 ilipunguza sana usimamizi kwenye toleo lake huria na ikaacha kutoa imeji zilizo tayari. Garage na SeaweedFS zinafaa kuangaliwa. Hifadhi hiyo ikizimika kwa siku kadhaa, PostgreSQL haitupi kitabu cha mabadiliko, inakilimbikiza kwenye `pg_wal` mpaka diski ijae na kanzidata isimame. Wekeni tahadhari ya simu diski ikifika asilimia 70.

Juu ya hayo, kila usiku fanyeni `pg_dump -Fc`, pamoja na `pg_dumpall --globals-only` kwa sababu `pg_dump` haibebi watumiaji na nywila zao, kisha faili lifichwe kwa ufunguo na lipelekwe jengo jingine. Likipelekwa nje ya Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ina masharti yake juu ya kusafirisha taarifa, na wagonjwa na wanachama wana haki ya kuuliza. Mara moja kwa mwezi chukueni faili la jana, lirejesheni kwa `pg_restore -j 4` kwenye mashine tupu isiyo na intaneti, hesabuni safu za jedwali la miamala mlinganishe na mfumo hai, na muda uliotumika uandikwe kwenye daftari la kitengo. Mzabuni afanye zoezi hilo mbele yenu, na azime swichi kuu ya umeme mbele yenu, kabla hundi haijasainiwa.

Mhandisi wa mifumo,
Dodoma